Kabla Hujampandisha Ndege

Siku inapobainika kwamba kijana wa nyumba anatumia dawa za kulevya, neno la mwanzo kusemwa na wakubwa wa Kiswahili hapa Muscat aghalabu ni hili: "Mpelekeni Unguja akatulie kwa bibi yake." Linasemwa kwa mapenzi, na linasemwa pia kwa kuogopa majirani. Nakuomba usilifuate, angalau si kama hatua ya kwanza. Unga, yaani heroini, unaotoka Afghanistan hushuka pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, hupakiwa majahazini na kuvushwa Bahari ya Hindi hadi pwani yetu ya Afrika Mashariki. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi moja tu nje ya pwani ya Kenya, na ndani yake mlikuwa na heroini inayozidi tani moja. Unguja, Mombasa, Malindi na Tanga zimeishi na janga hili tangu miaka ya 1980. Kijana mwenye riali chache mfukoni hatahisi hata kidogo bei ya kete ya huko, na bibi yake hajui dalili za kuangalia. Utakuwa umemtoa mahali anapoutafuta unga kwa kujificha, ukampeleka mahali unapomfuata mlangoni.

Mwongozo huu nauandika kwa wewe unayekaa Bawshar, iwe Al Khuwair, Ghubra, Azaiba, Ghala au Ansab, uwe mama, baba, dada, mke, au mwenyewe unayetumia na umechoka. Mwishoni nitasema na mfanyakazi aliyekuja Oman kwa mkataba, kwa sababu hali yake ni tofauti na ya raia na asidanganywe kwamba ni moja.

Anza kwa kujua anatumia nini. Familia hurukia hospitali, au hurukia ugomvi, kabla ya kuuliza hili, na hili ndilo linaloamua kama anaweza kuachishwa taratibu au anahitaji kitanda na daktari usiku huo huo. Hatari za kuacha hazifanani.

Mtu wa heroini, au wa vidonge vya jamii hiyo kama tramadoli, hupata alosto, yaani mateso ya kuacha. Kwa heroini huanza baada ya muda wa saa 8 hadi 12 tangu alipotumia mara ya mwisho: miayo isiyokwisha, machozi na makamasi, mwili kusisimka, tumbo kukata, mifupa kuuma, usingizi kupaa. Siku ya pili na ya tatu ndizo ngumu kuliko zote, na ndani ya wiki moja mwili huanza kutulia. Ni mateso makubwa, lakini kwa mtu mwenye afya mara chache huua, ilimradi anakunywa maji ya kutosha kufidia anayoyatapika na kuyaharisha. Tramadoli ina balaa lake la ziada, nalo ni degedege.

Mtu wa pombe, au wa vidonge vya wasiwasi na usingizi kama diazepamu na alprazolamu, ni habari nyingine kabisa. Akikatishwa ghafla anaweza kupata kifafa, kwa pombe aghalabu ndani ya siku mbili za mwanzo, na siku ya tatu akachanganyikiwa, akaona vitu visivyokuwepo, akapanda homa, akafa. Huyo hafungiwi chumbani hata kwa usiku mmoja. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu ule mtindo wa kumfungia kijana, kumwekea jagi la maji na kumsomea mlangoni mpaka "itoke", umezoeleka katika familia zetu, na anayefanya hivyo hajui kwamba kwa aina fulani ya ulevi anamfungia mtoto na kifo.

Mtu wa kristali, ambayo hapa Ghuba vijana huiita shabu, hulala siku mbili tatu mfululizo anapoacha, anakula kama aliyetoka jangwani, kisha huzuni nzito humwangukia. Mwili wake hauko hatarini sana, ila roho yake iko hatarini, maana mawazo ya kujiua huja katika wiki hizo. Usimwache peke yake, na ondoa ndani ya nyumba vidonge vyote visivyo na kazi.

Mirungi niitaje haraka. Nairobi na Mombasa ni biashara ya halali, Oman ni marufuku, na wapo wageni waliojikuta mahabusu kwa kifurushi walichokiona ni cha kawaida.

Akizidisha usiku

Hili lisome sasa, kabla halijatokea. Mtu aliyezidisha heroini au vidonge vya jamii yake huwa haamki ukimtikisa, midomo na kucha zinabadilika rangi, mboni za macho zinakuwa kama ncha ya sindano, na anapumua kwa nadra huku akikoroma koromo lisilo la usingizi. Familia husema, "Mwache alale, amechoka." Ndiyo dakika zinazopotea hizo. Piga 9999. Mlaze ubavu, mguu wa juu ukunjwe, kichwa kiinamishwe nyuma kidogo ili njia ya hewa ibaki wazi. Kama hapumui na unajua kumpulizia pumzi, mpulizie. Usimmwagie maji ya barafu, usimnyweshe maziwa, usimtie chumvi mdomoni, usimtembeze. Ukiwa Ghubra au Azaiba na gari liko mlangoni, dharura ya Royal Hospital iko humo humo Bawshar, dakika chache. Waambie wauguzi ukweli wa alichotumia, bila kuzunguka, kwa sababu ipo dawa iitwayo naloksoni inayomrudisha mtu wa heroini ndani ya dakika chache, na inaweza kuchelewa kwa mtu aliyeelezwa kwamba "alianguka bafuni".

Najua 9999 ni namba ya polisi pia, na najua hofu yako. Piga.

Siku ya kumwambia

Wengi huzungumza wakati mbaya kuliko wote, Alhamisi usiku, kijana amerudi amelewa, sauti zinapanda, anatimuliwa nyumbani. Ijumaa na Jumamosi ofisi na kliniki za kawaida za serikali zimefungwa. Hasira imekwisha, na mpaka Jumapili kila mtu ameshalainika na ahadi. Fanya kinyume. Zungumza Jumamosi baada ya isha, akiwa hajatumia au angalau yuko timamu, na safari iwe Jumapili asubuhi. Usimwachie nafasi ya siku tano katikati.

Wasiwepo watu kumi. Awepo yule anayemwonea haya na yule asiyeweza kumdanganya. Mara nyingi ni mama na kaka mkubwa, au shangazi aliyemlea. Maneno yawe mafupi kama haya:

"Kaa hapa mwanangu. Sikukuita nikugombeze. Nimekuta foili imeungua bafuni."

"Si yangu, mama."

"Sibishani ni ya nani. Kesho saa moja asubuhi tunakwenda hospitali, Al Amerat, mimi, wewe na kaka yako. Baba yako anajua. Ami zako hawajui, na mimi sitawaambia."

"Nipe wiki moja tu. Nitaacha mwenyewe, wallahi."

"Ukiacha leo, kesho daktari atafurahi kukukuta umeacha. Kwenda tunakwenda."

Angalia alivyofanya mama huyu. Ametaja alichokiona bila kuomba kukiri. Ametaja siku na saa. Amemwambia nani anajua na nani hajui, na hilo ndilo swali linalomkaa kijana kifuani kuliko swali la tiba. Hakumwita teja, hakumtaja yule binamu aliyesoma akawa mhandisi. Na alipoombwa wiki moja hakukataa kwa hasira, aliipitisha pembeni na kubaki na safari yake.

Mlango wa sheria

Sheria ya Oman ya kupambana na dawa za kulevya ilitolewa kwa amri ya kifalme namba 17 ya mwaka 1999 na imerekebishwa baadaye. Ni kali. Kwa mfanyabiashara na mwingizaji adhabu zake ni nzito mno. Lakini ndani yake mna mlango ambao familia nyingi haziujui: mtumiaji anayejipeleka mwenyewe kutibiwa, au anayepelekwa kwa ombi la mume au mke wake au la jamaa wa karibu hadi daraja la pili, hafunguliwi kesi ya jinai kwa utumiaji wake.

Lifahamu vizuri hilo daraja la pili, kwa sababu kwetu sisi anayelea si lazima awe mzazi. Baba na mama ni daraja la kwanza. Babu, bibi, kaka na dada ni la pili. Shangazi, ami, mjomba na mama mdogo ni daraja la tatu, kwa hivyo ombi lao si ombi linalotajwa na sheria, hata kama ndiye aliyemfunga nepi na kumlipia skuli. Shangazi aongozane nao, akae kwenye benchi, ashike mkono, ila anayesimama dirishani kuomba awe mama, baba, babu, bibi, ndugu wa tumbo, mume au mke.

Lingine ni kwamba mlango huu ni wa anayekwenda kabla hajakamatwa. Aliyekwisha kukamatwa yuko mikononi mwa polisi na mwendesha mashtaka, na hapo familia itahitaji wakili kabla ya kuhitaji daktari. Na kinga hii haimfuniki anayeuza. Siku ya safari hakikisha hana chochote mfukoni, kwenye soksi, wala chini ya kiti cha gari. Idara ya polisi ya kupambana na dawa za kulevya ina namba yake, 1444, ambayo watu huitumia kutoa taarifa za wauzaji. Unapotafuta tiba anzia kwa wahudumu wa afya.

Kuvuka mlima

Hospitali ya serikali yenye kitengo cha uraibu ni Al Masarra, iliyoko Al Amerat. Ilifunguliwa mwaka 2013 kuchukua nafasi ya Ibn Sina, ile ambayo wazee wetu walikuwa wakiitaja kwa kunong'ona. Kutoka Bawshar njia ya karibu ni ile barabara ya milimani inayopanda nyuma ya makazi na kuteremkia Al Amerat. Mteremko wake ni mkali, kwa hivyo asiendeshe mgonjwa, hata akisisitiza kwamba hajambo. Mkalishe kiti cha nyuma, na mtu pembeni yake.

Ukiogopa kuonekana, ujue kwamba Al Masarra inatibu kila kitu cha akili na hisia: sonona, wasiwasi, watoto wenye matatizo ya tabia, wazee waliopoteza kumbukumbu. Gari lako kwenye maegesho yake halimwambii jirani lolote. Kama bado moyo haujakubali, kituo cha afya cha mtaani kwako kinaweza kuandika rufaa, na kwa raia ndiyo njia ya kawaida ya kuingia katika mfumo. Piga simu hospitali kwanza uulize utaratibu wa siku hiyo, maana nafasi za kulazwa hujaa.

Chukua kitambulisho chake, karatasi za hospitali za nyuma, na dawa zote anazotumia zikiwa katika pakiti zake. Usiku wa kuamkia safari kaa naye muandike pamoja mambo manne: nini, kiasi gani kwa siku, kwa njia gani, mara ya mwisho lini. Atapunguza. Mwambie kwamba daktari hapeleki mtu jela kwa idadi ya kete, ila anapima dawa ya kutuliza kwa idadi hiyo, na akidanganya atateseka yeye. Akiwa amewahi kujidunga sindano hata mara moja, aseme, ili apimwe homa ya ini aina ya B na C pamoja na Ukimwi. Homa ya ini ya C siku hizi inatibika kabisa kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12, na ni huzuni kuona mtu anaacha unga miaka mitatu halafu ini linamwangusha kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeutafuta.

Kuhusu kisomo: mwenye imani asiache kusoma, na kombe halimzuii mtu kumeza dawa. Ninachokipinga ni yule anayekuambia uache hospitali kwanza. Sheikh mwenye elimu hatakuambia hivyo, na akikuambia, mshukuru, kisha mpeleke mtoto kwa daktari.

Kusafishwa si kupona

Hapa ndipo pesa na machozi ya familia nyingi yanapopotelea, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Kijana analazwa, anapewa dawa za kutuliza alosto, baada ya wiki moja au mbili anatoka amenawiri, anakula, anacheka na dada zake. Mama analia kwa furaha. Familia inaona kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba kilichokwisha ni cha mwili tu. Tamaa bado iko kichwani, simu yake bado ina namba zile zile, na mwili wake sasa umepoteza uwezo wa kubeba kiasi alichokuwa akikitumia zamani. Siku akirudia na kupiga kipimo chake cha zamani, kile kile alichokimudu miezi miwili nyuma kinaweza kumuua. Vifo vya kuzidisha huwavizia hasa watu waliotoka karibuni hospitalini, jela au nyumba ya tiba. Ramadhani nayo ina hatari hiyo hiyo: kijana aliyejizuia mwezi mzima akirudi kijiweni usiku wa sikukuu, anarudi na mwili usio na ngao. Sikukuu hiyo awe na ratiba, na awe na mtu.

Taasisi ya taifa ya Marekani inayotafiti uraibu inasema tiba ya ndani au ya nje isiyofika siku 90 huwa na faida ndogo kwa walio wengi, na kwamba kati ya watu 100 waliotibiwa, 40 hadi 60 hurudia wakati fulani. Hesabu hiyo isikuvunje moyo. Presha na pumu nazo zina watu wanaoacha dawa wakaangukia tena kwa kiwango kama hicho. Ila ikufundishe kupanga. Kabla hajaruhusiwa, muulize daktari: baada ya hapa anakwenda wapi? Kuna mpango wa ushauri nasaha wa miezi mingapi? Kuna nyumba ya mpito, na nafasi inapatikana lini? Mkojo utapimwa na nani na kila baada ya muda gani? Jibu likiwa "arudi baada ya mwezi tumwone" bila kingine, usiondoke. Omba kuonana na mtaalamu wa ustawi wa jamii wa hospitali. Vikundi vya NA, vya watu wanaoacha kwa kusaidiana wenyewe kwa wenyewe, vinakutana Muscat na havina malipo. Muulize mshauri akuelekeze.

Simu yako nayo itajaa matangazo ya vituo vya nje, Misri, India, Thailand na kwingineko. Vizuri vipo. Vya kukimbia vina alama zake: anayekuahidi atapona kwa asilimia mia, anayetaka fedha zote kabla ya kuona vipimo, asiyeweza kukutajia daktari aliyesajiliwa, anayekukataza kuzungumza na mgonjwa kwa miezi, na dalali anayepata kamisheni kwa kila kichwa. Dalali wa tiba utamjua kwa jambo moja: hakuulizi anatumia nini.

Unguja, lakini kwa mpango

Baada ya hayo, safari ya Afrika Mashariki inaweza kurudi mezani, maana huko nako kuna mambo mazuri. Unguja ina nyumba za upataji nafuu, ambazo kila mtu huziita sobahausi, zinazoendeshwa kwa sehemu kubwa na watu waliokuwa wakitumia wenyewe. Kijana wa Bawshar aliyezoea kumdanganya daktari kwa Kiarabu safi hawezi kumdanganya mtu aliyekula unga miaka kumi pale Mji Mkongwe. Na anazungumzishwa kwa lugha ya bibi yake. Malindi, Mradi wa Omari umekuwa ukifanya kazi hii tangu mwaka 1995.

Methadoni pia ipo. Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili Februari 2011, ikafuata Mwananyamala na Temeke. Zanzibar ikaanza mwaka 2015. Kenya ilianza Nairobi mwishoni mwa 2014, kisha Malindi na Mombasa. Inatolewa bure katika kliniki za serikali, mtu anakunywa kila siku mbele ya mhudumu, na inamwondolea alosto na shughuli ya kutafuta kete. Inawafaa watu wa heroini na jamii yake peke yao. Kwa kristali au bangi haina kazi. Si dawa ya miezi miwili, wengi huitumia miaka. Kwa hivyo uamuzi wa kumwanzishia methadoni Unguja ni uamuzi wa kuishi Unguja, au wa kuzungumza mapema na madaktari wa Muscat kuhusu atakaporudi. Usithubutu kurudi naye Muscat na chupa ya methadoni au vidonge vya tramadoli kwenye begi bila maandishi ya daktari na idhini. Uwanja wa ndege si pahala pa kujieleza.

Nyumba ya upataji nafuu itembelee kabla, au umtume ndugu unayemwamini. Afike bila kuagana. Aangalie kama milango ya kulala ina makufuli ya nje, kama kuna minyororo, kama waliomo wanaweza kuzungumza naye bila msimamizi kusimama pembeni. Aulize kama imesajiliwa na mamlaka ya kudhibiti dawa za kulevya au hapana, mgonjwa akizidiwa usiku anapelekwa hospitali gani, na nani anatunza dawa. Kipigo hakitibu uraibu, na nyumba inayopiga watu haistahili mwanao hata ikiwa ya bure.

Usimwozeshe

Akirudi ametulia miezi mitatu, atatokea mtu atakayesema, "Muozeni, majukumu yatamtuliza." Hili nalipinga kwa moyo wote. Binti wa watu si dawa. Anaingizwa katika nyumba ambayo siri yake anaijua kila mtu isipokuwa yeye, na siku mume akirudia, lawama zinamwangukia kwamba hakujua kumshika. Subiri mwaka mzima wa usafi, kisha posa iende na ukweli: binti na wazazi wake waambiwe, vipimo vya damu vifanywe na kuonyeshwa. Atakayekubali akijua ndiye mke wa kusimama naye.

Kwa mambo madogo ya kila siku: abadilishe namba ya simu wiki ya kwanza. Mshahara wake upitie kwa mtu aliyemchagua mwenyewe kwa miezi kadhaa, kwa makubaliano, si kwa kunyang'anywa kadi. Madeni ya muuzaji usilipe kwa siri. Ukianza kulipa umekuwa benki yake. Alhamisi na Ijumaa usiku zipangwe kabla hazijafika. Na wewe mama ulale. Anayemchunga mtu usiku kucha kwa miezi sita anaumwa, na nyumba inabaki na wagonjwa wawili.

Ukiwa mgeni wa mkataba

Dereva wa Mombasa, dada wa kazi wa Tanga au Kampala, mhudumu wa hoteli: usichukulie kwamba kila nilichoeleza juu kinakuhusu sawasawa. Hukumu ya dawa za kulevya inaweza kuishia kwa kurudishwa kwenu baada ya kifungo, na makazi yako yamefungwa kwa mwajiri. Kitu kikiwa cha hatari ya maisha, nenda dharura. Kikiwa si cha dharura, zungumza kwanza na ubalozi wako, Tanzania na Kenya zina balozi Muscat, au na wakili, kabla ya kumweleza msimamizi wa kazi. Kwa wengi njia salama ni kuomba likizo au kumaliza mkataba na kwenda kutibiwa nyumbani, ambako kliniki za methadoni ni za bure na lugha ni yako. Ukiwa Tanzania piga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Ukiwa Kenya piga 1192, ya NACADA, mamlaka ya huko ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Piga kabla hujasafiri, kwa mkono wa ndugu aliyeko huko, ili ufike ukijua kliniki gani inakupokea siku gani. Na wiki ile ya kufika usikae peke yako, kwa sababu nilizokwisha kuzieleza.

Akirudia

Usikae vikao. Usihesabu fedha zilizotumika mbele yake. Uliza maswali yale yale manne ya mwanzo, nini, kiasi gani, kwa njia gani, lini, na umwambie asitumie akiwa amejifungia peke yake. Kisha rudi kwa daktari yule yule, wiki ile ile, maana aliyerudia siku tatu ni rahisi kumrejesha kuliko aliyerudia miezi mitatu. Kazi za serikali zinaanza saa moja na nusu asubuhi na zinakwisha mchana mapema. Ikiwa umegundua usiku wa Jumatatu, Jumanne alfajiri gari liwe limeshatiwa mafuta.